Charlotte na Leopold: nyumba ya furaha iliyodumu miezi 18



Sisi tunaokaa mashariki ya Kongo tunayajua maziwa yetu kwa majina. Wavuvi wa Kasenyi na Tchomia wanatupa nyavu katika Ziwa Albert. Wale wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanaishi kwa samaki wa Ziwa Edward. Watoto wetu wanayataja majina hayo shuleni bila kuuliza yametoka wapi. Yalifika kwetu kwa njia ndefu, na mwanzo wa njia hiyo ni kitanda cha mama mmoja kijana aliyefia uzazini huko Uingereza, mwaka 1817. Mume wake aliyebaki mjane ndiye baba wa mfalme Leopold II, ambaye wazee wetu walimjua kwa machozi.

Juma hili tusimulie ndoa ya watu hao wawili. Ilikuwa ndoa nzuri, na ilikuwa fupi.

Mtoto wa nyumba iliyovunjika

Charlotte alizaliwa London tarehe 7 Januari 1796. Baba yake, George, alikuwa mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza. Mama yake, Caroline, alitoka Brunswick, katika nchi ya Wajerumani. Madeni ndiyo yaliyowaunganisha. George alikuwa amekopa mali nyingi kupita kiasi, na ili alipiwe ilimbidi aoe mke wa kifalme. Yeye na Caroline walionana kwa mara ya kwanza siku tatu tu kabla ya arusi. Siku tatu baada ya Charlotte kuzaliwa, baba aliandika wasia wake, na humo akaamuru kwamba mkewe aachiwe shilingi moja. Haikupita muda wakatengana kabisa.

Basi mtoto akakua kati ya baba na mama waliochukiana, akilelewa na watu wa kulipwa. Kumwona mama yake kulihitaji ruhusa. Hakuwa na kaka wala dada. Babu yake, mfalme George III, alizaa watoto 15, lakini kati ya wajukuu wote Charlotte peke yake ndiye aliyekuwa mjukuu wa ndoa halali. Taifa zima lilimwangalia yeye. Siku moja angekuwa malkia.

Alipofika umri wa kuolewa, baba yake alimchagulia mwana wa mtawala wa Uholanzi, aliyeitwa William wa Orange. Mwaka 1814 mapatano yalikwisha kuandikwa. Charlotte akayavunja. Hakutaka kupelekwa kuishi nchi ya mbali, na moyo wake haukuwa kwa kijana yule. Baba alikasirika, akataka kuwafukuza wasaidizi wake wote na kumfungia ndani. Jioni ya tarehe 12 Julai 1814 binti huyo alitoka mbio mpaka barabarani, akapanda gari la farasi la kukodi, akakimbilia kwa mama yake. Baadaye walimrudisha. Lakini jambo moja lilikuwa limejulikana: huyu hatakubali kuuzwa kama mama yake alivyouzwa.

Kijana wa vyumba vya kupanga

Mwaka ule ule wafalme walioshinda vita dhidi ya Napoleon walikuja London kusherehekea. Katika msafara wa mfalme wa Urusi alikuwamo askari mmoja, Leopold, mtoto wa mwisho wa mtawala wa Coburg. Coburg ilikuwa nchi ndogo sana ya Wajerumani, na majeshi ya Napoleon yalikuwa yameiteka alipokuwa angali kijana. Leopold alikuwa na cheo kikubwa katika jeshi la Urusi, lakini mfukoni hakuwa na kitu. Wakubwa wengine walipokaa katika majumba, yeye alipanga vyumba juu ya duka.

Charlotte alimwona, akampenda. Hata hivyo alingoja karibu mwaka mmoja na nusu, mpaka baba yake alipokubali Leopold aitwe arudi Uingereza. Katika kungoja kule aliwekwa mbali na rafiki zake, na barua zake zikachunguzwa. Hakubadili nia.

Waliolewa jioni ya tarehe 2 Mei 1816, London, katika nyumba ya baba yake. Umati ulijaa barabarani tangu mchana. Wale waliokuwa ndani walisimulia jambo moja la kuchekesha. Leopold alipotamka katika kiapo kwamba anampa mkewe mali yake yote ya duniani, bibi arusi alishindwa kujizuia, akacheka. Alijua vizuri kwamba bwana arusi hana mali.

Nyumba ya Claremont

Walipewa nyumba ya Claremont, karibu na mji mdogo wa Esher, kusini-magharibi ya London. Hapo ndipo tunapoona ndoa hii ilivyokuwa.

Charlotte alikuwa na sauti ya juu, kicheko kikubwa na hasira ya haraka. Alitembea kwa kishindo, akasema lililo moyoni. Leopold alikuwa mtulivu, mwenye kupima maneno. Kati yao walizungumza Kifaransa. Kila mkewe alipoanza kupaza sauti mbele ya watu, Leopold alimwinamia na kumwambia taratibu: « Doucement ». Sisi wa Kongo hatuhitaji kufasiriwa neno hilo. Mwingine angekasirika kuonywa hivyo. Charlotte aliligeuza kuwa jina la mume wake. Akawa anamwita Doucement, na wote wawili wakacheka.

Walitembea pamoja bustanini, waliimba pamoja kwenye piano, waliwasaidia maskini wa vijiji vya jirani. Rafiki yao, daktari Christian Stockmar, aliyetoka Coburg pamoja na Leopold, aliandika kwamba katika nyumba ile aliona amani na upendo. Watu wa London walizoea kuona wakubwa wakiishi na mahawara na kulewa karamuni, tena baba wa Charlotte akiwa wa kwanza kati yao. Sasa waliona mke na mume wanaopendelea kula chakula chao nyumbani. Wakawapenda kwa sababu hiyo.

Hapa tuangalie vizuri, wapendwa. Charlotte hakuwa ameona mfano wa ndoa njema kwa wazazi wake. Kuna vijana kati yetu wanaosema: nyumba ya papa na mama ilikuwa vita, hata mimi siwezi kujenga. Charlotte alijenga. Hakurithi nyumba nzuri. Alichagua vizuri, akangoja, na alipopata akakubali kuambiwa « doucement ».

Saa 50

Charlotte alikwisha kupoteza mimba baada ya arusi. Mwaka 1817 akapata mimba tena, na taifa likafurahi. Watu waliweka dau: je, atakuwa mvulana au msichana?

Aliyewekwa kumhudumia alikuwa Sir Richard Croft, mzalishaji wa familia kubwa za Uingereza. Kwa desturi ya siku zile alimpunguzia mama chakula na kumtoa damu mara kwa mara, akifikiri kwamba hivyo mtoto hatakuwa mkubwa mno. Stockmar, ambaye naye alikuwa daktari, hakupendezwa na matunzo hayo. Lakini alikuwa mgeni nchini, akaogopa: likitokea baya, watasema Mjerumani ndiye aliyemuua. Kwa hiyo alikataa kuingia katika kazi ile.

Siku za kuzaa zilipita. Uchungu ulianza usiku wa Jumatatu, tarehe 3 Novemba. Katika chumba cha jirani waliketi mawaziri na askofu mkuu wa Canterbury, walioitwa kushuhudia kuzaliwa kwa mrithi. Lakini tazama nani hakuwapo. Mama yake Charlotte alikuwa Italia. Baba alikuwa mbali, kwenye uwindaji. Bibi yake alikuwa katika mji wa Bath. Mzaa-kwanza huyu hakuwa na mama, wala shangazi, wala dada wa kumshika mkono. Alikuwa na mume wake. Leopold alikaa naye, akamshika mkono, mara nyingine akalala kando yake kitandani.

Saa zikapita, mchana na usiku na mchana tena. Daktari wa pili, John Sims, aliitwa. Alifika usiku wa kuamkia tarehe 5, lakini hakuingizwa kumwona mama, kusudi asije akashtuka. Vilikuwapo vyombo vya chuma vya kumvuta mtoto, lakini havikutumiwa. Vyombo hivyo vilikuwa na hatari yake siku zile, na Croft alishika fundisho la wakati wake, kwamba maumbile yaachwe yafanye kazi yenyewe. Hivyo wenye ujuzi wakangoja.

Saa tatu usiku ya Jumatano, tarehe 5 Novemba, baada ya saa 50 hivi za uchungu, mtoto akatoka. Alikuwa mvulana mkubwa, mzuri, naye hakuwa na uhai. Walijaribu kumwamsha, wakashindwa. Charlotte alipoambiwa aliipokea habari kwa utulivu kuliko waliompasha. Leopold, aliyekuwa amechoka kabisa, akapewa dawa ya usingizi, akaenda kulala.

Baada ya usiku wa manane hali ya mama ikageuka. Alianza kutapika, mwili ukapoa, pumzi ikawa ngumu. Croft akamkimbilia Stockmar. Stockmar akaja, akamshika mkono, kisha akajaribu kumwamsha Leopold, ambaye usingizi wa dawa ulikuwa umemshika. Alipokuwa angali huko alisikia Charlotte akimwita yeye Stockmar kwa jina lake la utani. Alirudi mbio, na alipofika Charlotte alikuwa anakata roho. Ilikuwa saa nane na nusu ya usiku, tarehe 6 Novemba 1817. Umri wake ulikuwa miaka 21, na ndoa yake miezi 18.

Stockmar ndiye aliyempelekea Leopold habari. Leopold alikwenda chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akaibusu mikono ya mkewe iliyokwisha kuwa baridi. Kisha akamwomba Stockmar asimwache kamwe. Kwa pigo moja alikuwa amepoteza mke, mtoto na tumaini lake.

Kilio cha taifa na mauti ya tatu

Uingereza yote ikaingia matanga. Wenye maduka waliishiwa na kitambaa cheusi. Hata maskini walifunga kipande cheusi mkononi. Mahakama na masoko makubwa yakafungwa. Tarehe 19 Novemba Charlotte alizikwa Windsor, katika kanisa la Mtakatifu George, na mwanawe akawekwa miguuni pake.

Halafu, kama inavyotokea katika vilio vyetu, watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Wengi walimgeukia Croft. Mambo ya siri ya chumba cha uzazi yakasemwa barabarani. Baba wa Charlotte alimpelekea Croft neno kwamba hana lawama juu yake, lakini neno hilo halikumponya. Tarehe 13 Februari 1818 Croft alikuwa akimhudumia mama mwingine, na uchungu ulikuwa unachelewa vile vile. Akakuta bastola katika nyumba ile, akajiua. Hivyo uzazi mmoja ukachukua watu watatu: mtoto, mama na mzalishaji.

Je, Croft alikosea? Madaktari wameijadili habari hiyo mpaka siku zetu, na hata sababu yenyewe ya kifo cha Charlotte hawajaafikiana. Jambo lililo wazi ni kwamba lawama haikumrudisha Charlotte. Sisi tumeona msiba wa kijijini ukizaa msiba mwingine. Mama amefia uzazini, na kabla hajazikwa wameanza kunong'ona juu ya bibi mzee wa jirani, kwamba ndiye aliyemla. Mzee anapigwa, nyumba inachomwa, na kesho hakuna mtu aliyeuliza kwa nini yule mama alifikishwa hospitali siku ya tatu.

Njia iliyofika kwetu

Kwa kifo cha Charlotte, babu yake hakubaki na mjukuu hata mmoja wa ndoa. Wana wa mfalme waliokuwa wazee bila ndoa halali wakaanza kutafuta wake kwa haraka. Mwaka 1818 mmoja wao, Edward, akamwoa mjane mmoja wa Kijerumani, ambaye alikuwa dada yake Leopold. Tarehe 24 Mei 1819 wakamzaa binti, Victoria. Baba yake akafa mtoto akiwa hajatimiza mwaka. Leopold akawa kama baba kwake, na mara nyingi mtoto alikaa kwa mjomba pale Claremont. Mwaka 1837 Victoria akawa malkia, na mwaka 1840 akaolewa na Albert, mtoto wa kaka yake Leopold.

Sasa mmekwisha kuelewa. Wazungu walipofika kwenye maziwa yetu, yaliyokuwa na majina tangu zamani, waliyapa majina ya nyumba hiyo. Ziwa Victoria lilipewa jina la malkia. Mwaka 1864 Samuel Baker akatoa jina la Albert, mume wake. Baadaye Stanley akatoa jina la Edward, mwana wao.

Leopold mwenyewe alikaa Uingereza miaka mingi akiwa mjane. Mwaka 1830 Wabelgiji walijitenga na Uholanzi, wakatafuta mfalme, wakamchagua yeye. Aliapa tarehe 21 Julai 1831. Mfalme wa Uholanzi aliyenyang'anywa nchi ile alikuwa baba wa yule William ambaye Charlotte alimkataa. Mwaka 1832 Leopold akamwoa Louise-Marie, binti wa mfalme wa Ufaransa. Walipozaa binti mwaka 1840 walimpa jina Charlotte. Katika uzee wake Leopold aliandika kwamba furaha ya ndoa ile fupi hakuipata tena. Akafa mwaka 1865.

Mwana wao aliyezaliwa mwaka 1835 ndiye Leopold II. Stanley alimfanyia kazi ya kufungua vituo kando ya mto Kongo, na mwaka 1885 nchi yetu ikawa yake binafsi. Mnajua yaliyofuata. Katika nchi za mpira, askari walikamata wanawake, wakawafungia kama rehani mpaka waume zao walete kilo zilizotakiwa. Mwaka 1904, huko Baringa, mtu mmoja aliyeitwa Nsala alifika kwenye misioni ya Waprotestanti akiwa na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali. Walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wamemuua mtoto pamoja na mama yake. Mmisionari Alice Seeley Harris akampiga picha Nsala ameketi barazani, anavitazama, na picha hiyo ikazunguka Ulaya.

Tuwaweke watu hawa wawili pamoja. Leopold wa kwanza alilia mke na mtoto, na nchi nzima ikavaa nyeusi. Nsala alilia mke na mtoto akiwa peke yake, kwa sababu ya faida ya mtoto wa Leopold. Hatusemi kwamba kifo cha Charlotte ndicho kilicholeta mateso ya Kongo. Leopold II alichagua mwenyewe, na matendo yake ni yake. Lakini katika nyumba ile walijua uchungu wa kupoteza mke. Jina la Charlotte lilitajwa mezani kila siku, kwa kuwa dada yake Leopold II ndiye aliyeitwa hivyo. Uchungu huo haukumfundisha mwana kuheshimu nyumba za wengine.

Neno kwetu

Wapendwa, kilio cha ikulu na kilio cha nyumba ya majani vina uzito mmoja. Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli, aliyekufa akimzaa Benyamini, na hata leo tunaijua nguzo hiyo. Mama wangapi wa vijiji vyetu wamekufa kama Raheli, na hakuna aliyesimamisha hata jiwe?

Charlotte alikuwa na mawaziri chumba cha pili, akakosa msaada kwa wakati. Sisi hatuna mawaziri, lakini tunazo njia za kuokoa ambazo Charlotte hakuzijua: kadi ya CPN, upasuaji, damu ya kuongezewa. Mume aliye kama Leopold asiishie kushika mkono tu. Aweke akiba ya materniti kabla mwezi haujafika, aulize pikipiki ya usiku ni ya nani. Mahali ambapo pikipiki haipiti, vijana wa kanisa wajue tipoi iko wapi na nani watabeba. Uchungu ukipita siku moja, maombi yaendelee njiani kuelekea hospitali.

Na msiba ukitufikia hata hivyo, tusiongeze kaburi la pili kwa kutafuta mchawi. Aliyelia kweli ndiye anayejua thamani ya nyumba ya jirani. Twende tukailinde.

Mungu azilinde ndoa zenu, na mama wote wanaongoja siku yao.